Tiba ya Mazoezi kwa Wagonjwa wa Parkinson

Ugonjwa wa Parkinson ni maradhi ya ubongo yanayompunguzia mtu uwezo wa kujongea. Umepewa jina la James Parkinson, tabibu wa London aliyeueleza katika kijitabu cha mwaka 1817. Dalili zake kuu ni viungo kutetemeka vikiwa vimetulia, misuli kukakamaa, matendo kuwa ya polepole na, baadaye, mwili kuyumba.

Ndani ya ubongo mna chembe zitengenezazo kemikali iitwayo dopamini. Kemikali hiyo husaidia kuendesha matendo ambayo mtu ameyazoea hata akayafanya bila kuyafikiria, kama vile kutembea. Chembe hizo zinapokufa, misuli haipoozi. Kinachoharibika ni uongozi wake. Kwa hiyo mgonjwa huenda kwa hatua fupi za kuburuza, na pengine miguu hunata sakafuni, hasa anapogeuka au kupita mlangoni.

Hata hivyo, mgonjwa huyohuyo akiwekewa mistari sakafuni, au akisikia mdundo usiobadilika, mara nyingi huweza kupiga hatua ndefu. Wataalamu hueleza kwamba alama hizo humfanya aikusudie kila hatua, na hivyo ubongo hutumia njia zisizotegemea sana sehemu iliyodhurika. Hapo ndipo ulipo msingi wa tiba hii.

Ushahidi mmoja ulipatikana Tanzania. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, ulionyesha kuwa wagonjwa wengi hawakuwa wametambuliwa wala kupewa dawa. Baadaye, wagonjwa 21 walifundishwa kutembea kwa kufuata mlio wa metronomu, yaani chombo kinachopiga mapigo ya kasi moja. Walipata vipindi 9 vya nusu saa katika majuma 3. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2010, yalionyesha kuwa kasi yao iliongezeka na hatua zao zikarefuka.

Mazoezi mengine pia yana faida. Huko Oregon, Marekani, utafiti wa wagonjwa 195 uliotolewa mwaka 2012 ulionyesha kuwa mazoezi ya Kichina ya tai chi, mara mbili kwa juma, yaliimarisha usawa wa mwili kuliko mazoezi ya kujinyoosha.

Ifahamike kwamba mazoezi hayaponyi ugonjwa huu, wala hayachukui nafasi ya dawa ya levodopa. Aidha, faida yake hufifia yakiachwa, na ni vema yaanze kwa ushauri wa mtaalamu, maana mgonjwa huanguka kwa urahisi.

Mgonjwa aliyenata njiani asivutwe mkono. Aambiwe asimame, ahamishie uzito mguu mmoja, kisha ahesabiwe "moja, mbili, tatu" na apige hatua kubwa. Msaada huo hauhitaji chombo chochote, na mwanafunzi aweza kumpa babu yake ambaye pengine hudhaniwa kuwa amezeeka tu.