Kima Punju na Wenye Mashamba wa Jozani

Ukitoka Mjini Unguja ukashika njia ya kusini-mashariki, baada ya kilomita 35 hivi utafika msitu wa Jozani. Humo hukaa kima punju, mnyama asiyepatikana mwituni mahali po pote duniani ila katika visiwa vya Zanzibar. Mgongo wake ni mwekundu, uso wake mweusi umezungukwa na nywele nyeupe, na kidole gumba ni kama hana. Punju maana yake ni sumu. Watu wa zamani walisema kwamba mti aulao hufa, na mbwa alaye nyama yake hunyonyoka manyoya.

Kusini ya msitu kuna mashamba ya watu, yenye minazi, miembe na mikungu. Kima hajui mpaka. Asubuhi huingia shambani, akala majani machanga na vidaka vya mnazi, kisha hutafuta mkaa akautafuna, kwa kuwa mkaa hupunguza sumu ya majani yale. Mwenye shamba hutazama vidaka vikianguka, naye ahesabu kila kidaka kuwa ni nazi aliyonyang'anywa. Nazi ndiyo kitoweo chake, tena ndiyo nguo za watoto wake. Basi aliuliza: Ikiwa mnyama huyu ni wa Serikali, mbona alishwa na mimi?

Tena kulikuwa na jambo lililomwuma zaidi. Wageni wa ng'ambo walikuja kumtazama kima, nao walimwona vizuri zaidi katika mashamba yale kuliko ndani ya msitu. Ada waliilipa langoni, na mwenye mnazi hakupata kitu.

Katika miaka ya 1990 shauri likafanywa. Wenye mashamba walijiunga katika chama, jina lake UWEMAJO, yaani Umoja wa Wenye Mashamba Jozani, ikakubaliwa kwamba fungu la fedha za wageni litolewe kwao, na fungu jingine lisaidie kazi za vijiji. Mwaka 2004 msitu ule pamoja na Ghuba ya Chwaka ukafanywa hifadhi ya taifa.

Sasa sikilizeni ajabu. Mwaka 1999 wataalamu wawili, Kirstin Siex na Thomas Struhsaker, walitangaza habari za uchunguzi wao juu ya minazi hiyo. Waliona kwamba pale kima walipokula vidaka zaidi, mavuno ya nazi hayakupungua, bali yalizidi! Mnazi huzaa vidaka vingi kuliko uwezavyo kuvilea, na vingi huanguka vyenyewe. Yamkini kima humpunguzia mama mzigo wa watoto.

Je, malipo yalikuwa bure? Mimi sidhani. Mwenye shamba akiikata mikungu yake kwa kuni, au akiuza kiwanja kijengwe nyumba, kima watakula wapi? Fedha ile ni kama kodi ya malisho kuliko fidia ya nazi. Katika hesabu iliyotangazwa mwaka 2019 kima walikuwa zaidi ya 5,800, na baadhi yao huishi nje ya hifadhi, katika vichaka na mashamba ya watu. Kwa hiyo yule aliye mbali na lango, ambaye kima humfikia lakini mgeni hamfikii, ana haki ya kuuliza fungu lake li wapi.