Wimbi Liwe Uji, Lisiwe Pombe

Huko Busia na Malaba wako wasemao kwamba mama anyonyeshaye akinywa busaa, au ajono ya Wateso, maziwa yatajaa. Sivyo. Kileo huingia katika maziwa, tena huyazuia yasishuke vizuri. Wimbi lile lile likipikwa uji ndilo limfaalo. Kiongezacho maziwa hasa ni mtoto kunyonya mara nyingi, usiku na mchana.

Mama huyu huhitaji chakula kingi kuliko alipokuwa na mimba. Basi, bwana mkulima, usiuze mayai yote mpakani. Mwiko wa zamani wa kuwanyima wanawake kuku na mayai hauna faida. Mnunulie omena wa Port Victoria, apikiwe pamoja na kunde. Chai ya rangi asiinywe wakati wa kula. Huzuia madini ya chuma ya mboga yasiingie mwilini.