Je, Wajua? Papa Aliyefunga Ibada Uingereza Nzima

Je, wajua kwamba Uingereza iliwahi kukabidhiwa kwa Papa kama shamba kwa mwenye shamba? Mfalme John aligombana na Papa Innocent III juu ya nani awe Askofu Mkuu wa Canterbury. Papa alimtaka Stephen Langton, mfalme akaapa kwamba mtu huyo hatakanyaga nchini. Machi 1208 Papa alijibu bila kutuma hata askari mmoja: alisimamisha ibada nchi nzima. Kengele zikanyamaza. Milango ya makanisa ikafungwa, na waandishi wa zama hizo wanasimulia maiti zilizozikwa kando ya njia bila padri wala sala. Kilichoruhusiwa ni ubatizo wa watoto wachanga na kitubio cha wanaokaribia kufa. Fikiria mama aliyefiwa na mumewe, ambaye hakuwa na lolote katika ugomvi wa wakubwa hao, akinyimwa ardhi iliyobarikiwa ya kumzikia. Hali hiyo ilidumu miaka sita.

John mwenyewe alitengwa na Kanisa mwaka 1209. Wafaransa walipoanza kujiandaa kumvamia, alisalimu amri. Mei 1213 aliikabidhi nchi yake kwa Papa, kisha akarudishiwa aitawale chini yake kwa kodi ya marki 1,000 kila mwaka. Na hakupata hasara tupu. Mwaka 1215 mabwana wakubwa wa nchi walipomlazimisha kuukubali mkataba wa Magna Carta, Papa, ambaye sasa alikuwa bwana wake na mlinzi wake, aliubatilisha baada ya wiki kumi tu.

Siri ya nguvu za Mapapa wa zama hizo ndiyo hiyo: silaha yao kubwa ilikuwa imani iliyokuwa mioyoni mwa raia wa mfalme.

Je, wajua kwamba mfalme wa Ujerumani alisimama siku tatu kwenye theluji akiomba msamaha? Ni Henry IV, Januari 1077, nje ya ngome ya Canossa, kaskazini mwa Italia. Papa Gregory VII alikuwa amemtenga na Kanisa na kuwafungulia raia wake kiapo cha utii, na hilo la pili ndilo lililomuumiza zaidi, kwa sababu wakuu wa Ujerumani walikuwa wakitafuta sababu ya kumwondoa. Alisamehewa. Wasimulizi wengi huishia hapo, na si haki kuishia hapo. Mwaka 1084 Henry huyohuyo aliiteka Roma na kumweka Papa wake mwenyewe, na mwaka uliofuata Gregory akafia uhamishoni Salerno.

Huyo Gregory ndiye ambaye kumbukumbu zake za mwaka 1075 zina orodha ya kauli 27 kuhusu mamlaka yake. Moja inasema Papa aweza kumwondoa kaisari madarakani. Nyingine inasema wakuu wote wa dunia wambusu miguu Papa peke yake. Aprili 2019 mambo yaligeuka: Papa Fransisko, mzee wa miaka 82 mwenye maumivu ya miguu, alipiga magoti Vatikani na kubusu viatu vya Salva Kiir, Riek Machar na viongozi wengine wa Sudan Kusini, akiwasihi wadumishe amani.

Je, wajua kwamba fundisho la mamlaka mbili, ya maaskofu na ya wafalme, liliandikwa na Papa mwenye asili ya Afrika? Ni Gelasius I, katika barua yake kwa Kaisari Anastasius, mwaka 494. Kabla yake walikuwapo Victor I na Miltiades, nao wakihesabiwa kuwa Waafrika, wa Afrika ya Kaskazini iliyokuwa chini ya Roma.

Je, wajua kwamba kwa karne nyingi Mapapa walitetea utawala wao kwa hati ya kughushi? Hati hiyo ilidai kwamba Kaisari Konstantino aliwaachia Roma na nchi za magharibi. Mwaka 1440 msomi Lorenzo Valla alichambua Kilatini chake na kuonyesha kwamba maneno mengine hayakuwa yakitumika kabisa enzi za Konstantino.

Je, wajua kwamba makardinali waliwahi kuezuliwa paa? Papa Clement IV alifariki mjini Viterbo, Italia, mwaka 1268, na makardinali wakakaa karibu miaka mitatu bila kukubaliana juu ya mrithi wake. Wenyeji walichoka. Wakawafungia ndani, wakawapunguzia chakula, mwishowe wakaondoa paa. Aliyechaguliwa, Gregory X, hakuwamo humo wala hakuwa kardinali. Alikuwa Acre, katika Nchi Takatifu. Mwaka 1274 aliweka sheria: siku tatu zikipita bila Papa, makardinali wale mlo wa aina moja tu, zikipita tano zaidi, mkate, maji na divai.

Papa Gregory XIII naye alifuta siku kumi kwenye kalenda. Waliolala usiku wa tarehe 4 Oktoba 1582 huko Italia, Hispania na Ureno waliamka tarehe 15. Uingereza ya Kiprotestanti iligoma kuifuata kalenda hiyo hadi 1752, na leo ndiyo iliyotundikwa ukutani karibu kila ofisi duniani.

Lipo jambo linalotuhusu sisi wa pwani moja kwa moja, na halipaswi kusemwa kwa kunong'ona. Mwaka 1452 Papa Nicholas V alimruhusu mfalme wa Ureno kuwashambulia Waislamu na wapagani na kuwatia utumwani daima. Mwaka 1455 alimthibitishia haki juu ya nchi za Afrika zilizokuwa zikifikiwa na merikebu zake. Mwaka 1493 Papa Alexander VI aliipa Hispania nchi zilizo upande wa pili wa mstari aliouchora baharini, na mwaka uliofuata Ureno na Hispania zikausogeza kwa mkataba wa Tordesillas. Hakuna aliyewauliza watu wa Kilwa wala wa Mombasa. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliipora Kilwa, kisha akaichoma Mombasa. Ni kweli kwamba Papa Paul III alikataza mwaka 1537 kuwafanya wenyeji wa Amerika watumwa, lakini biashara ya watumwa iliendelea. Machi 2023 Vatikani ilitamka rasmi kwamba inayakana mawazo yaliyojengwa juu ya hati zile za Mapapa. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka 550.

Je, wajua kwamba katika Basilika la Santa Maria Maggiore, Roma, alikozikwa Papa Fransisko mwaka 2025, amelala pia balozi wa Kongo? Antonio Emanuele Ne Vunda alitumwa na Mfalme Álvaro II mwaka 1604. Safari ilimpitisha Brazili, Ureno na Hispania, akaporwa na maharamia njiani, akafika Roma Januari 1608 akiwa mgonjwa mahututi. Papa Paul V alikwenda kumwona kitandani. Alikufa siku chache tu baada ya kuwasili. Sanamu yake ya marumaru ipo humo hadi leo.

Je, wajua kwamba mwaka 1870 Papa alipanda na kushuka kwa muda wa miezi miwili hivi? Tarehe 18 Julai Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano ulitangaza kwamba Papa hawezi kukosea anapofundisha rasmi mambo ya imani na maadili. Tarehe 20 Septemba jeshi la Italia liliingia Roma, kwa kuwa Wafaransa waliokuwa wakiilinda walikuwa wameitwa nyumbani kupigana na Prussia. Dola ya Kanisa, iliyodumu zaidi ya miaka elfu moja, ikaisha. Mkataba wa 1929 na Italia uliwaachia Mapapa hekta 44, chini ya nusu ya Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Na hapo ndipo sauti yao ilipoanza kwenda mbali. Desemba 1978 Argentina na Chile zilikuwa ukingoni mwa vita juu ya visiwa vya kusini. Papa Yohane Paulo II alimtuma Kardinali Antonio Samorè, mzee wa miaka 73, kuzipatanisha, na mwaka 1984 mkataba wa amani ukatiwa saini.

Mwisho, je, wajua kwamba mwaka 1903 kaisari wa Austria aliweza kumzuia kardinali asiwe Papa? Franz Joseph alimkataa Kardinali Rampolla katikati ya upigaji kura, na aliyechaguliwa, Pius X, akaipiga marufuku desturi hiyo mwaka uliofuata. Miaka 60 baadaye, Juni 1963, miongoni mwa waliomchagua Paulo VI alikuwamo Laurean Rugambwa wa Bukoba, Mwafrika mweusi wa kwanza wa zama zetu kuwa kardinali. Mei 2025 kura nyingine ya Tanzania ilipigwa na Protase Rugambwa, Askofu Mkuu wa Tabora, aliyefanywa kardinali tarehe 30 Septemba 2023, siku ileile na Robert Prevost wa Chicago, ambaye sasa ni Papa Leo XIV.