Je, Wajua? Saikolojia Ilipewa Kisangani, Teolojia Ikapelekwa Kinshasa

Je, wajua kwamba palikuwa na wakati ambapo kijana wa Lubumbashi au Kinshasa aliyetaka kusomea saikolojia katika chuo kikuu cha taifa alilazimika kufunga mizigo na kwenda Kisangani? Agosti 1971 serikali ya Mobutu iliviunganisha vyuo vikuu vitatu vya nchi kuwa kimoja, UNAZA, kisha ikaanza kugawa vitivo kama wazee wanaogawa urithi. Saikolojia na sayansi za elimu ziliangukia Kisangani.

Cha kushangaza zaidi ni kile kilichoondoka. Chuo kilichokuwapo Kisangani awali, Université Libre du Congo, kilikuwa mali ya makanisa ya Kiprotestanti. Kilifunguliwa mwaka 1963, mji ukiitwa bado Stanleyville, na teolojia ilikuwa na nafasi yake humo. Hakikutimiza mwaka. Agosti 1964 waasi wa Simba waliuteka mji, na chuo kikahamia Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, kikapata hifadhi Lovanium, chuo cha Wakatoliki. Kwa miaka ile, Waprotestanti kusoma chini ya paa la Wakatoliki haikuwa habari ndogo. Baadaye chuo kilirudi nyumbani, lakini mageuzi ya 1971 yalipofika, teolojia ya Kiprotestanti ilipelekwa Kinshasa. Mwaka 1974 serikali ilikwenda mbali zaidi: ikaziondoa teolojia zote mbili, ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti, katika chuo cha taifa. Hizo ndizo zilizokua zikawa Université Catholique du Congo na Université Protestante au Congo za leo.

Hivyo wanaochunguza nafsi ya binadamu walibaki kwenye kona ya mto, na wanaochunguza roho yake wakawa kilomita kama 1,700 kwa mashua, upande wa chini. Mgawanyo huo ulifanywa na watu wa ofisini. Sijasikia mtu wa Makiso au Mangobo, mitaa ya Kisangani, ambaye, akipatwa na msiba, hutenga kwanza kipi ni cha nafsi na kipi ni cha roho. UNAZA yenyewe ilivunjwa mwaka 1981, Kisangani ikapata chuo chake, UNIKIS, na kitivo cha saikolojia na sayansi za elimu kimo humo mpaka sasa.

Je, wajua kwamba wakazi wa mji huu walichunguzwa kabla hata hawajawa na chuo kikuu? Mwanzoni mwa miaka ya 1950 timu ya watafiti ilifanya kazi Stanleyville: Valdo Pons, Pierre Clément na Nelly Xydias. Xydias alishughulikia wafanyakazi, ujuzi wao na mafunzo yao. UNESCO ilichapisha matokeo mwaka 1956, katika kitabu kinene kuhusu viwanda na miji ya Afrika. Enzi hiyo Mwafrika alikuwa wa kupimwa. Wa kupima alitoka ng'ambo.

Mwaka 1970 mambo yalianza kugeuka kidogo, ingawa mpimaji bado alitoka ng'ambo. Mhadhiri Mholanzi aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha Kisangani, André Droogers, alifuatilia jando la Wagenia hatua kwa hatua. Wagenia ni wale wavuvi wa maporomoko ambao picha yao haikosi popote Kisangani inapotajwa. Husimika magogo marefu katikati ya miamba, mahali maji yanapokwenda kwa kishindo, huyafunga kwa kamba za mwituni, kisha huning'iniza mitego mikubwa ya kusuka yenye umbo la pia, mdomo ukielekea mkondo unakotoka. Ukiwatazama wakipanda magogo yale yaliyolowa, unaelewa kwa nini kwao mtoto hawezi kuachwa akue mwenyewe tu.

Droogers aliandika tasnifu, na toleo la Kiingereza lilitoka mwaka 1980 kwa jina lenye maana ya safari ya hatari. Safari hiyo ni ya mvulana anayetolewa kwa mama yake, anayeumizwa, anayefichwa, na anayerudishwa akiwa mtu mwingine. Siku hizi “maendeleo ya mtu binafsi” huuzwa katika semina za siku mbili, na cheti juu. Jando la Wagenia lilitaka ukoo mzima, miezi, chakula cha watu wengi na kisu. Simwambii mtu arudie kisu. Nasema tu kwamba anayetafuta mada ya shahada ya uzamili kuhusu namna mtu anavyokua hahitaji kutoka nje ya mji: akodi toleka, baiskeli ya abiria, aende ufukweni akaongee na wazee.

Je, wajua kwamba mojawapo ya njia za malezi ya kiroho zilizochunguzwa sana katika Kongo iliendeshwa kwa Kiswahili? Si Kisangani, ni kusini, Katanga. Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, alikuwa ameshajulikana kwa kitabu chake cha mwaka 1945 kuhusu falsafa ya Wabantu. Mwaka 1953 alianza kazi Musonoi, karibu na Kolwezi, miongoni mwa wachimba madini wa kampuni ya Union Minière na wake zao, na hapo likazaliwa vuguvugu la Jamaa. Mtu hakuingia peke yake. Waliingia mume na mke pamoja. Waliongozwa na wenzao waliowatangulia, ambao kwao walikuwa baba na mama, wakapanda hatua kwa hatua kupitia mafundisho yaliyozunguka mambo matatu: uzima, uzazi na mapendo. Aliyetoka shimoni na vumbi la shaba alikaa jioni akieleza mawazo yake mbele ya mkewe, na mkewe naye akasikilizwa. Washauri wa ndoa wa leo hutoza pesa nyingi kwa jambo hilohilo.

Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962, asirudi tena. Mjerumani Johannes Fabian aliifanya Jamaa kuwa tasnifu yake ya udaktari Chicago, akaichapisha mwaka 1971, halafu akaja kufundisha Lubumbashi kwenye UNAZA ileile. Maaskofu nao walizidi kuitilia shaka Jamaa, wakaibana. Kikundi kinachowapa watu wa kawaida mamlaka juu ya roho zao ni nadra kupendwa na wenye vyeo.

Mwanasaikolojia Carl Jung pia alipita upande wetu wa Afrika. Mwaka 1925, akiwa na umri wa miaka 50, alifika na wenzake watatu kwenye miteremko ya Mlima Elgon, Kenya. Akiwa na kamusi ndogo ya Kiswahili mkononi, alikaa na wenyeji kwa mashauri marefu akiwauliza habari za ndoto. Mganga mmoja mzee alimjibu kwamba zamani wao ndio walioota, wakajua vita, magonjwa na mvua. Lakini tangu Wazungu waje hakuna aotaye tena, kwa kuwa mkuu wa wilaya anajua yote. Jung alilichukua jibu hilo kwa uzito mkubwa. Mimi huwa najiuliza kama mzee hakuwa anamfanyia mgeni mzaha, au hakuona sababu ya kumkabidhi ndoto zake mtu aliyemjua juzi.

Turudi Kisangani. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji huu, na raia walikufa kwa mamia. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vyake nchini: milioni 225 kwa madhara ya watu, 40 kwa mali, 60 kwa maliasili. Mfuko wa kugawa fidia, FRIVAO, una makao yake hapahapa Kisangani. Katika hesabu hiyo hakuna fungu la pekee la kutibu nafsi. Kazi hiyo huangukia aliye karibu: paroko, kikundi cha maombi cha usiku, jirani wa uani, na akipatikana, mhitimu wa saikolojia wa UNIKIS.

Mhitimu huyo akitaka digrii inayounganisha tena vile vilivyotenganishwa, jirani wa kumpokea ni Nairobi. Chuo Kikuu cha Tangaza kina taasisi ya masomo ya kiroho na malezi ya watawa, na ipo pia Taasisi ya Saiko-Kiroho, iliyoanzishwa na wakfu wa padri Mnigeria George Ehusani, inayotoa masta ya tiba na ushauri wa namna hiyo. Kikwazo ni lugha: masomo ni kwa Kiingereza, naye chuoni alisoma kwa Kifaransa. Nyumbani, mfumo wa LMD ulioanza kutumika kwa upana mwaka 2021 umeweka lisansi ya miaka mitatu, masta ya miwili na udaktari wa mitatu, kwa hiyo angalau vyeti vinaanza kulingana.

Akikosa nauli, amkumbuke William James wa Harvard. Mihadhara aliyotoa Edinburgh mwaka 1901 na 1902 kuhusu mang'amuzi ya dini bado husomwa na wanafunzi wa fani hii, lakini shahada yake ilikuwa ya udaktari wa tiba tu. Ya saikolojia hakuwa nayo. Mwaka 1878 ndiye aliyemsimamia Stanley Hall, ambaye udaktari wake huhesabiwa kuwa wa kwanza wa saikolojia nchini Marekani. Stanley huyo hahusiani na yule aliyepita kwenye maporomoko yetu mwaka mmoja kabla, akafanya mji uitwe Stanleyville kwa jina lake.