Kung'arisha Meno: Nani Anaruhusiwa?

Nchini Uingereza, kung'arisha meno ni tiba, si urembo wa saluni. Kisheria hufanywa na daktari wa meno, au mtaalamu anayefuata maagizo yake, wote wakiwa wamesajiliwa na General Dental Council. Dawa yao haizidi asilimia 6 ya haidrojeni peroksaidi.

Wanaojitangaza mitandaoni kwa bei nafuu huweza kutumia dawa kali zaidi, inayounguza fizi na kudhuru meno daima. Cheti cha mafunzo ya urembo si usajili.

Kabla ya kulipa, jina la mtoa huduma litafutwe katika rejista ya baraza hilo. Kuitazama ni bure. Aliyekwisha kuumia asione haya: apige simu 111.