Mbio Zilizoanzia Penye Mnara wa Kanisa

Huku kwetu Miburani, kisiwani Mafia, hatuna farasi wa mashindano. Lakini nani asiyewajua watoto watokapo shuleni, jinsi wanavyoshindana kuruka magogo ya minazi iliyoanguka? Mmoja huanza, wengine humfuata, na kelele zao husikika mpaka mashambani. Basi, mchezo huo una ndugu yake mkubwa huko Ulaya, na habari zake zatuhusu hata sisi Watanzania.

Yasimuliwa kwamba mwaka 1752, nchini Ayalandi, mabwana wawili, O'Callaghan na Blake, walishindana kwa farasi. Walianza penye kanisa la Buttevant wakaelekea kanisa la Doneraile, mwendo wa maili nne na nusu hivi. Kwa nini makanisa? Kwa sababu mnara wa kanisa huonekana toka mbali. Mpanda farasi aliukazia macho mnara akaenda moja kwa moja, akiruka kila ukuta, mtaro na kijito kilichomkabili. Ndiyo maana hata leo Waingereza huziita mbio hizo kwa jina litokanalo na mnara wa kanisa.

Polepole mbio hizo zikawa sikukuu kubwa. Iliyo maarufu sana hufanyika kila mwaka mwezi wa Machi huko Cheltenham, Uingereza. Kikombe cha Dhahabu cha mbio za kuruka kilishindaniwa mara ya kwanza mwaka 1924, akashinda farasi Red Splash. Golden Miller alikitwaa mara tano mfululizo, toka 1932 hata 1936. Arkle, farasi wa Ayalandi, alikitwaa mara tatu, 1964, 1965 na 1966. Tangu mwaka 2005 sikukuu hiyo huchukua siku nne. Na mwaka 2022 Rachael Blackmore akawa mwanamke wa kwanza kushinda Kikombe hicho.

Lakini watu nao walitaka kuruka kwa miguu yao wenyewe. Tangu mwaka 1920 mbio hizo katika Michezo ya Olimpiki ni za meta 3,000. Mkimbiaji huruka viunzi mara 28, na dimbwi la maji mara 7. Mwaka 1968, huko Mexico, Amos Biwott wa Kenya alishinda, na tangu hapo Wakenya wakawa mabingwa wa mchezo huu kwa miaka mingi.

Na sisi je? Tunaye Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu. Mwaka 1974, mjini Christchurch, alivunja rekodi ya dunia ya meta 1,500. Mwaka 1976 watu walimtazamia kushinda Montreal. Lakini Tanzania na nchi nyingi za Afrika hazikushiriki, kwa kuwa New Zealand, iliyocheza raga na Afrika ya Kusini ya ubaguzi, haikufukuzwa. Bayi akakosa nafasi yake kwa ajili ya haki ya wenzake.

Mwaka 1980 alikwenda Moscow kukimbia mbio za viunzi na maji. Kama desturi yake alitangulia, akawaacha wenzake mbali. Wengi walidhani mambo yamekwisha. Katika mzunguko wa mwisho miguu ikawa mizito, na Malinowski wa Polandi akampita. Bayi hakuacha mbio. Akamaliza wa pili kwa dakika 8 na sekunde 12, akapata medali ya fedha. Medali hiyo, pamoja na ile ya Suleiman Nyambui mwaka uleule, ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania ilikuwa imepata hata baada ya michezo ya Paris ya 2024. Baadaye Bayi alianzisha shule, nyingine zikiwa katika mkoa wetu huu wa Pwani.

Ndugu msomaji, Mtume Paulo naye aliwaandikia Wakorintho juu ya wakimbiaji. Maisha ya nyumbani yana kuta na mitaro yake: ada ya shule, ugonjwa, mavuno haba. Anayetazama ukuta tu huogopa. Anayetazama mnara huruka. Basi, wazazi, mtoto wako akijikwaa penye gogo, usimcheke. Mwinue, mpanguse mchanga, umwonyeshe mnara ulipo.