Kilemba cha Kuhani

Jumapili asubuhi, Ruiru hadi Thika, vilemba vyeupe ndivyo vinavyotangulia kuonekana barabarani. Baba, mama, hata mtoto wa mgongoni, wote wamefungwa kitambaa cheupe kichwani. Hao ni Wakorino, au Akurinu, na ngoma yao utaisikia kabla hujaliona kanisa.

Wapita njia hukiona kilemba kama sare ya dhehebu. Mimi hukumbuka sura ya 16 ya Walawi. Siku ya Upatanisho kuhani mkuu wa Israeli alioga, akavaa kanzu ya kitani na kilemba cha kitani, ndipo akaingia patakatifu. Aliingia na damu ya ng'ombe kwa ajili ya dhambi zake na za nyumba yake, kisha damu ya mbuzi kwa ajili ya watu. Mbuzi wa pili aliwekewa mikono kichwani, akatwikwa maovu ya taifa zima, akapelekwa jangwani. Kazi hiyo ilikuwa ya mtu mmoja, mara moja kwa mwaka. Warumi walipolibomoa hekalu mwaka 70, moto wa madhabahu ukazimika.

Habari hizi zilipowafikia Wagikuyu hazikuwa ngeni. Mvua ilipokawia, wazee walimtafuta mwanakondoo wa rangi moja asiye na kilema, wakampeleka chini ya mti wa mgumo, wakauelekea Mlima Kirinyaga na kumwomba Ngai, Mungu wao. Mwenye thahu, yaani unajisi, ilibidi atakaswe kwanza. Kwa hiyo Waraka kwa Waebrania uliposema kwamba Kristo ni kuhani na ndiye sadaka, mara moja tu kwa wote, mzee wa Kiambu alijua vizuri ni nini kilichokomeshwa. Yeye mwenyewe alikuwa amewahi kuishika kamba ya mwanakondoo.

Wakorino walichipuka miongoni mwa watu hao katika miaka ya 1920. Mwaka 1934 polisi wa kikoloni walimuua kwa risasi kiongozi wao Joseph Ng'ang'a pamoja na wenzake wawili katika msitu wa Ndarugu, na hadi leo waumini huwakumbuka kama mashahidi wa imani.

Kwao mnyama hachinjwi tena kuwa sadaka, lakini vazi limebaki. Lililokuwa la kuhani mkuu sasa limo kichwani mwa makanga, mwa fundi wa viatu, mwa mama anayefungua gunia la sukumawiki alfajiri sokoni. Ndiyo maana inaniuma mtoto anapoamriwa shuleni avue "hicho kitambaa". Anayemwamuru hajui anagusa nini.

Jumamosi jioni vilemba hufuliwa na kuanikwa. Kesho yake hufungwa upya, mkunjo kwa mkunjo, na familia ikifika kanisani hutangulia kuvua viatu. Huachwa mlangoni, vikubwa na vidogo, vyote na udongo mwekundu.